Amechoka Kufanya Nini?

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii anakuletea yule mhudumu wetu mrefu wa ndegeni, anayecheka kabla hujamaliza utani. Jibu lako mpe huyo huyo akipita tena huko. Kwa simu nisingeweza, maana ungenikatisha neno la tatu.

Ni hivi. Juzi mchana tulikuwa tunarudi kutoka mji wako kuja huku. Jua kali, chini mawingu meupe yametulia tu, hayaendi popote. Ilikuwa safari ya nne siku hiyo, na siku za kupumzika nimeshasahau zinafananaje. Msaidizi wangu ni yule tunayemwita Baba Mapacha, mkewe amejifungua wawili kwa mpigo na kwao siku hizi hakuna anayelala. Huko juu ndege inajiendesha yenyewe, sisi kazi yetu ni kutazama. Nikatazama. Nikauona mlango wa jikoni kwa mama, ule wa bluu wa zamani, umesimama juu ya mawingu, umeachwa wazi kidogo. Ndani mtu anakoroga kitu sufuriani, nasikia mwiko. Nikasema moyoni, ngoja niende nikaufunge, upepo utazima moto.

Nilipofumbua macho, mwongoza ndege wa huku alikuwa anatuita kwenye redio, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeita mara ya kwanza. Nikamgeukia Baba Mapacha nimuulize mbona hajibu. Kidevu chake kilikuwa kifuani.

Wote wawili, dada. Nyuma yetu watu wamekaa wanakunywa soda, kuna mtoto analia, na mbele hakuna mtu. Tulikuwa tumeupita mji. Niliigeuza ndege pole pole abiria wasihisi, tukashuka salama, na mama mmoja akanishika mkono mlangoni akanisifu kwamba naendesha kwa utulivu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Ratiba, mkuu wetu wa safari. Si mtu wa kufoka, laiti angekuwa. Alinimiminia chai kwa mkono wake, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Rubani, umenieleza kama ndugu, na mimi nimesikia kama ndugu. Tuyaache humu humu." Kisha akanipa ratiba ya wiki hii. Nipo kila siku.

Usiniambie kuhusu sheria, naijua. Inasema rubani akichoka aseme, na asiguswe. Waliosema mwaka jana hawakuguswa kweli. Walisahauliwa tu kwenye ratiba, wiki baada ya wiki, mpaka wakaaga wenyewe.

Mama anakusalimu. Mtoto wake wa jicho atatolewa tarehe 19, macho yote mawili, na kesho yake asubuhi bandeji inafunguliwa. Anasema uso wa kwanza anaoutaka ni wako. Wangu anasema anaujua kwa kuupapasa. Nimeumia kidogo, ila sikumwonyesha, na hata ningemwonyesha asingeona.

Mdogo wako,
Kinda

*

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Kinda,

Marahaba. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa kwenye kitanda cha mtoto wa watu.

Sasa nisikilize, na leo hunikatishi. Mimi ni matroni. Kazi yangu tangu ujana ni kulaza watoto wa watu na kuwaamsha kwa kengele, na kama kuna kitu nakijua duniani ni usingizi. Msichana anayejifanya amelala hufumba macho kwa nguvu. Aliyelala kweli hufumba kidogo tu, na mdomo unaachia. Wewe tangu mchanga ulilala mdomo wazi kama kinda linalongoja kulishwa, ndipo mama akakupa hilo jina, kabla yeyote hajajua kwamba utakuja kuruka kweli. Na usingizi haubembelezwi, mdogo wangu. Ukiunyima kitanda utakufuata kazini, na haupigi hodi.

Huyo Bwana wenu wa chai simpendi. Mtu akikufokea unajua pa kusimama. Anayekumiminia chai anakutoa mlangoni huku unamshukuru.

Nataka mambo mawili. La kwanza, omba likizo, na usiniambie imeshindikana. La pili, siku umesimama mlangoni pa ndege ukasikia macho mazito, sema hapana. Sema hapana hata kama ndani amekaa waziri. Sema hata kama nimekaa mimi, na nimevaa gauni jipya. Niahidi kwa maandishi, maana maneno ya mdomoni kwako nayajua tangu enzi za sukari iliyokuwa inapungua kabatini.

Kuhusu mama, mwambie sitaweza. Ni wiki ya mitihani na mwalimu mkuu hataki hata kusikia neno ruhusa. Nitakuja shule ikifungwa. Mshike mkono kwa niaba yangu, na unyoe ndevu, asije akafumbua macho akadhani amefufukiwa na babu.

Dada yako,
Matroni

*

Jumatano, tarehe 13 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimepata likizo. Wiki mbili nzima, Bwana Ratiba ametia saini bila hata kukunja uso. Kwa hiyo tulia, na zile kengele zako zipige kwa amani.

Sifanyi kitu chochote. Naamka wakati wowote, nachukua kiti, nakaa. Leo asubuhi nilitazama jua likipanda taratibu juu ya mgongo wa mawingu, yamejaa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, nikasema kumbe dunia ni laini hivi na mimi nilikuwa naipita mbio. Kuna saa sijui kama nimelala au niko macho. Naisikia sauti ya mama akiimba chumba cha pili, nikienda namkuta kimya, anapapasa uzi wa kufumia. Nikamuuliza, ulikuwa unaimba? Akasema, lini.

Na ahadi yako hii hapa kwa maandishi: nikisikia macho mazito nitasema hapana, hata kwa waziri, hata kwa gauni jipya.

Mama amenuna kwamba huji. Anasema mitihani haiishi lakini mama huisha. Unamjua.

Kinda

*

Jumatano, tarehe 20 Machi

Kinda,

Barua hii inakuja kwa basi, itafika imechoka kuliko mimi. Kwenye ndege zenu sitaki kuweka hata bahasha.

Nilikudanganya. Ruhusa nilikuwa nayo tangu mwanzo, siku tatu, nilipiga magoti kwa mwalimu mkuu na tiketi nikakata. Nilitaka nitokee tu pale hospitali asubuhi, nisimame mbele ya mama, bandeji ishuke. Wewe pia nilitaka nikuone ulivyopumzika. Gauni nimeshona, la kijani, kwa sababu kijani ndiyo rangi ya mwisho aliyoniambia bado anaiona.

Jana nikafika uwanjani mapema, nikapima mzigo, nikakaa. Ndege ipo, naiona dirishani, ngazi imewekwa. Tunangoja. Mwisho anakuja kijana wa kampuni na kipaza sauti, hasemi mvua, hasemi chombo kibovu. Anasema, "Ndugu abiria, ndege ni nzima na hali ya hewa ni nzuri. Rubani wetu anasema amechoka."

Hivyo hivyo, kisha akazima. Ukumbi ukalipuka. Kulikuwa na mzee anawahi mazishi, bibi harusi na sanduku lake, mwalimu wa hesabu ambaye sijui anakwenda wapi lakini alitukana kwa ufasaha. Na mimi, Kinda, mimi niliyekuhubiria, nilisimama juu ya benchi na gauni langu la kijani nikasema kwa sauti ya bweni, "Amechoka kufanya nini, kukaa?" Watu wakacheka, wakaichukua, wakaifanya wimbo. Amechoka kufanya nini, kukaa. Niliwaongoza mpaka sauti ikakauka.

Najua nilichokuandikia. Lakini wewe ni wewe, wewe ulilala kweli kule juu. Huyu nani? Pengine alikesha kwenye muziki. Nilimwona mama amekaa kitandani, anageuza uso kushoto na kulia, anasikiliza viatu vya nani vinaingia, halafu nikamwona huyo rubani amejinyoosha mahali, na roho ikaniuma nikataka kumfuata huko huko aliko.

Ikasemwa ndege itaondoka kesho, au kesho kutwa, hakuna anayejua. Nikarudi shuleni. Bandeji wameshafungua sasa hivi ninapoandika. Niambie aliona nini. Ulikuwepo, angalau wewe ulikuwepo. Niambie ulisimama mbele yake.

Na kama unamjua huyo rubani, mwambie alichoninyima hakirudi.

Matroni

*

Jumapili, tarehe 24 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za nyuma, mama asinione.

Namjua huyo rubani.

Sikupata likizo. Niliiomba, Bwana Ratiba akasema tutazungumza, akamimina chai. Nilikuandikia uongo ili ulale. Barua ile ya likizo niliiandikia huko huko angani, kwenye goti langu, Baba Mapacha akiwa ndiye anayetazama mbele. Na usiku wa kuamkia Jumanne nililala mji wako, nyumba ya wageni ile iliyo nyuma ya soko. Nilipita hata barabara ya shule yako nimeshusha kofia mpaka puani, mtu mzima na mistari yangu minne ya dhahabu mabegani, namkimbia dada yangu.

Asubuhi ile niliamka nikashindwa kufunga vifungo vya shati. Si kwamba mkono unauma, nilikuwa nimesahau kinachofuata. Baba Mapacha alinifungia, na yeye akafunga kombo. Tukatazamana tukajua.

Tuliwekwa chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa kuondokea. Nikasema tumechoka. Meneja wa kituo akampigia Bwana Ratiba, akanipa simu. Alizungumza na mimi taratibu, kwa upole wake ule. "Sikulazimishi, rubani. Sheria iko upande wako. Nakuomba tu uwasikie watu wako." Kisha akamwambia meneja amtume kijana atangaze, na mlango wa ukumbini ufunguliwe.

Dada, niliwasikia. Nilimsikia mzee wa mazishi. Kila mtu alikuwa na haki. Bwana Ratiba kwenye simu haongei, anapumua tu, anawaachia wao kazi. Nikasema moyoni, ni safari fupi, nitajifinya, nitanawa uso. Nilishachukua kofia. Baba Mapacha ameshasimama, mkono uko kwenye mlango wa kutokea uwanjani.

Ndipo nikakusikia wewe.

Ilikuwa sauti yako kabisa, ile ya kuamshia mabweni matatu. Amechoka kufanya nini, kukaa. Nami nilijua kwa hakika kwamba uko shuleni, una mitihani, umeniandikia kwa mkono wako. Nikafikiri: wiki ile ulikuwa mlango wa jikoni, leo ni dada. Nimeanza kuota nikiwa nimesimama. Watu wote hawa watakaa nyuma ya mtu anayesikia sauti za wasiokuwepo. Nikairudisha kofia mezani, nikasema kwenye simu, "Namsikia dada yangu na dada yangu hayupo. Siendeshi." Nikakata.

Ungeniambia ukweli kwamba unakuja, ningejua ni wewe. Ningetoka nje kwa aibu, ningekukumbatia, na ningewapandisha wote.

Kesho yake alfajiri ndege ilikuja kuchukuliwa na wenzetu wengine, wakanirudisha nimekaa kiti cha mwisho. Kutoka uwanjani nilikwenda hospitali na mkoba wangu. Sasa hili ndilo naogopa kukwambia. Nesi alisema nikae kwenye benchi la nje, wataniita. Nilikaa. Ndivyo ninavyokumbuka, kwamba nilikaa. Nilipofumbua macho mama alikuwa kando yangu kwenye benchi, bandeji hana, amenishika mkono. Akaniambia, "Ndiyo kwanza nimeketi." Macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni dawa. Kwa hiyo uso wa kwanza aliouona ni wa nesi. Wewe nilikunyima, na mimi mwenyewe nikajinyima, mlango mmoja tu ukiwa katikati.

Kampuni imenisimamisha. Bwana Ratiba amepiga simu, mpole kama kawaida, ana njia. Nikubali kusema niliumwa tumbo. Tumbo halina lawama, kila mtu ana tumbo. Nikisema tumbo, narudi kazini Jumatatu. Nikishikilia usingizi, basi. Ijumaa anakuja mwenyewe nyumbani kuchukua jibu. Nikisema tumbo, dada, kule juu patabaki palivyo, na wenzangu wataendelea kuziona nyumba za mama zao mawinguni. Nikisema usingizi, sijui kazi nyingine. Kuruka ndiyo kitu pekee nilichowahi kukiweza vizuri.

Nilikuahidi kwa maandishi na nikatimiza, ukanitukana juu ya benchi. Sina kinyongo. Nataka tu uniambie nifanye nini.

Kinda

*

Ijumaa, tarehe 29 Machi

Kinda,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Barua hii haiendi kwa basi wala kwa ndege. Nimeiweka chini ya kikombe chako, hapo kwenye stuli kando ya kitanda.

Shule imefungwa jana, nikapanda basi usiku huo huo. Nimefika leo asubuhi ukiwa umelala, na mpaka sasa jua limepita dirisha lile la kwanza hujageuka upande. Nimesimama hapa kukuangalia kwa jicho la kazi. Hujifanyi.

Ulimi hauna mfupa, mdogo wangu. Nimelia kwenye lile basi mpaka kondakta akanihamishia kiti cha mbele. Nilisimama na gauni jipya nikakutukana wewe, wewe, kwa kutimiza nilichokuamrisha mwenyewe. Nisamehe. Na wakati huo huo namshukuru Mungu kwa mdomo wangu mchafu, sijui kama hayo mawili yanakaa moyo mmoja, lakini kwangu yamekaa. Ile barua yako ya likizo nimeisoma upya njiani. Mtu aliye kwenye kiti nyumbani haoni mgongo wa mawingu, anaona tumbo lake. Lilikuwa hapo wazi na mimi, mjuzi wa usingizi, nikalipita.

Bwana Ratiba amekuja. Kumbe ni mtu mfupi, na viatu vyake vinang'aa. Nilimkaribisha, nikamimina chai mimi kabla hajapata nafasi. Akasema, "Nimekuja kuonana na rubani." Nikasema amelala. Akasema, kwa upole huo wake, "Basi mwamshe kidogo tu, mama, ni neno moja." Nikamwambia, "Mimi kazi yangu ni kuamsha watu. Nalipwa kwa hilo. Leo nakataa." Akatabasamu, akasema yeye anataka jibu tu, ni tumbo au ni nini. Nikamwambia jibu ameshalipata mlangoni. Amelala. Aende nalo hivyo hivyo. Akauliza kama naelewa maana yake kwa kazi yako. Nikasema naelewa. Kama nimekosea, ukiamka nitukane, hata juu ya benchi, nimestahili.

Alipotoka alimkuta Baba Mapacha getini, ana pacha mmoja begani. Alikuja kukwambia kwamba yeye ameulizwa jana, na amesema usingizi. Kwa hiyo mko wawili.

Sasa la mama, maana yeye ameniruhusu nikwambie, mdomoni mwake halitoki.

Pale hospitali hakuwa "ndiyo kwanza ameketi". Bandeji iliposhuka alimwona nesi, akamshukuru, akauliza watoto wangu wako wapi. Akaletwa nje ameshikwa mkono. Akamwona mtu kwenye benchi, mvi kichwani, mashavu yameingia ndani, mkoba umeanguka miguuni. Akamuuliza nesi kwa huruma, "Yule mzee amelala pale, ana mgonjwa gani ndani?" Mama akamtazama tena. Kisha akaona mdomo, uko wazi kama kinda.

Alikaa kando yako tangu asubuhi hiyo mpaka chakula cha mchana kikapita. Nesi alitaka kukuamsha, mama akakataa. Anasema alikuwa anamtafuta usoni mwako yule kijana aliyemwacha kabla ya giza, na kila alipokaribia kumpata ulikuwa unashusha pumzi na anapotea. Macho yale mekundu si dawa.

Yuko hapa chumbani ninavyoandika, ameburuta kiti chake mpaka karibu na mto wako. Gauni langu la kijani ameliona, akasema zuri, akakurudia wewe. Nimemuuliza, mama, hutaki kupumzisha macho, daktari alisema. Ameniambia nipunguze sauti.

Chai iko kwenye chupa. Ukiamka ukamkuta anakutazama, usishtuke, na usinyanyuke haraka. Mwache amalize.

Dada yako,
Matroni